Kutafuta asili ya ukoo mtandaoni: jina likifanana, bado hujampata mtu

#1 Mleta mada

Wakuu, salaam.

Watu wengi huanza kutafuta nasaba yao kwa njia moja. Anafungua tovuti, anaandika jina la babu, inamjia orodha ndefu ya watu wenye jina hilo, anachagua anayekaribiana, na mti unaanza kupanda. Baada ya muda mfupi una vizazi tisa, na kuanzia kizazi cha nne kwenda juu wote ni wazee wa watu wengine. Linaniuma sana hili, kwa sababu mara nyingi kumbukumbu za kweli zipo, ila zimefunikwa na mti wa haraka ambao ndugu wengine wanaendelea kuunakili. Uzi huu ni wa jambo moja: utajuaje kwamba mtu uliyemkuta kwenye nyaraka ndiye wako, na wapi pa kumtafutia.

Kwanza andika unachokijua kabla ya kugusa tovuti yoyote. Vyeti, barua, picha zenye maandishi nyuma, kitabu cha dini chenye tarehe za kuzaliwa kwenye kurasa za mwanzo. Kisha zungumza na wazee, kila mmoja peke yake, bila kumwambia mwenzake alisema nini. Usiishie kwenye "alizaliwa lini". Mzee anaweza kusahau mwaka akakumbuka nani alikuwa jirani, nani alisimamia ndoa, walihama kwa sababu gani, nani alikwenda vitani na hakurudi. Hayo ndiyo yatakayokusaidia siku utakapokutana na watu wawili wa jina moja. Ukirekodi sauti, omba ridhaa.

Kwa mpangilio, wengi tunatumia namba za zamani zilizochapishwa na Michaël Eytzinger mwaka 1590. Wewe ni 1, baba 2, mama 3, babu mzaa baba 4, bibi mzaa baba 5, na kuendelea. Zidisha namba ya mtu yeyote kwa mbili, unampata baba yake. Ongeza moja, unampata mama yake. Ukiona namba 22 haina jina, unajua moja kwa moja unayemtafuta ni baba wa namba 11.

Halafu panda ngazi moja moja. Usimtafute baba wa babu kabla hujashika waraka unaomtaja babu pamoja na wazazi wake. Ukiruka kizazi kimoja kwa kukisia, kila kinachofuata juu yake kimesimama hewani.

Sasa tovuti. FamilySearch ni ya bure, inahitaji akaunti tu. Inaendeshwa na Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho. Chama chake cha nasaba kilianza mwaka 1894, na mwaka 1938 wakaanza kupiga picha za madaftari duniani kwa mikrofilamu. Mwaka 2021 walikamilisha kuziweka kidijitali, zaidi ya roli milioni 2.4. Ancestry na MyHeritage ni za kulipia, lakini maktaba nyingi za umma huwa zimeshalipia, kwa hiyo uliza maktaba iliyo karibu nawe kabla hujatoa kadi. Hifadhi za nyaraka za nchi nazo zina hazina za bure: Italia wana Antenati, Norway wana Digitalarkivet, Ayalandi wameweka sensa za 1901 na 1911 wazi kwa kila mtu, na Matricula ina vitabu vya kanisa vya Austria, Ujerumani na Slovenia. Kwa magazeti ya zamani kuna Trove ya Australia, Papers Past ya New Zealand na Chronicling America ya Marekani, zote bure.

Jambo ambalo ningependa kila anayeanza alishike: matokeo ya utafutaji si waraka. Ni faharasa, yaani muhtasari ulioandikwa na mtu au mashine iliyosoma mwandiko wa zamani. Fungua picha ya ukurasa wenyewe. Kwenye picha utakuta ambayo faharasa imeyaacha: mashahidi, wasimamizi wa ubatizo, kazi ya baba, maandishi ya pembeni yaliyoongezwa miaka mingi baadaye. Soma na kurasa mbili za kabla na mbili za baada. Ndugu walikaa karibu karibu, na mara nyingi mkwe wa mtu wako yuko nyumba ya tatu.

---

#2 Mchangiaji wa kwanza

Asante mkuu kwa uzi. Mimi nimetafuta jina la bibi FamilySearch mpaka nimechoka. Halipo kabisa. Nikubali kwamba hakuna kumbukumbu?

---

#3 Mleta mada

Usikubali mapema, mkuu. "Halipo" linaweza kuwa na maana tatu tofauti.

Ya kwanza, picha zipo lakini hazijafanyiwa faharasa. Ingia kwenye katalogi ya tovuti hiyo, tafuta kwa jina la mahali, si la mtu. Utaona madaftari yaliyopigwa picha ya eneo hilo. Hapo hakuna kuandika jina: unapekua ukurasa kwa ukurasa kama ungekuwa umekaa chumba cha nyaraka. Baadhi ya picha zina alama ya kamera yenye ufunguo. Hizo huenda zikafunguka tu ukiwa kwenye kituo chao au maktaba shirikishi. Pia tangu mwaka 2024 wana utafutaji unaosoma maandishi yote ya mkono kwa akili bandia, si majina makuu peke yake. Umeanza na nyaraka za ardhi na mirathi, unaongezwa taratibu. Huko mtu anapatikana hata kama alitajwa kama shahidi tu au jirani wa mpaka.

Ya pili, jina liliandikwa kivingine. Karani aliandika alivyosikia. Vitabu vya kanisa vya Kilatini vilimgeuza William kuwa Gulielmus, na Jacobus anaweza kuwa James au Jacob. Tumia nyota mahali pa herufi usizo na uhakika nazo, na alama ya kuuliza kwa herufi moja. Baadhi ya tovuti zinatumia Soundex, mfumo uliosajiliwa Marekani mwaka 1918, ambao huweka herufi ya kwanza na tarakimu tatu za sauti zinazofuata. Robert na Rupert wote hutoka R163. Ukiona haufai, ondoa jina la ukoo kabisa. Tafuta kwa jina la kwanza la mama, jina la kwanza la baba, mahali na miaka kumi. Njia hii imefungua milango mingi kuliko zote ninazozijua.

Ya tatu, uko mahali ambapo hapakuwa na usajili wakati huo. Usajili wa serikali wa Uingereza na Wales ulianza Julai 1837, wa Scotland 1855, wa Ufaransa 1792. Kabla ya hapo unarudi kwenye dini: Uingereza parokia ziliamriwa kuweka madaftari mwaka 1538, na Mtaguso wa Trento ukaagiza vitabu vya ubatizo na ndoa kwa Wakatoliki mwaka 1563. Kila nchi ina mwaka wake. Ujue kwanza, usije ukatafuta cheti ambacho hakikuwahi kutolewa.

---

#4 Mchangiaji wa pili

Naomba niongezee kwa mleta mada, maana nimefanya kazi na sensa kwa muda mrefu.

Umri kwenye sensa ni wa kuchukuliwa kwa tahadhari. Sensa ya Uingereza ya 1841 iliwaelekeza makarani kushusha umri wa waliozidi miaka 15 hadi kwenye tano iliyo chini. Mtu wa miaka 34 aliandikwa 30, wa 59 akaandikwa 55. Ukikuta watu wanne wa kijiji kimoja wote wana 40, usidhani ni pacha. Na Marekani, kuanzia 1790 mpaka 1840 sensa iliandika jina la mkuu wa kaya peke yake. Wengine wote ni tarakimu kwenye safu za umri. Majina ya kila mwanakaya huru yalianza 1850.

Tarehe nazo. Uingereza na makoloni yake zilihamia kalenda ya Gregori, hii tunayotumia leo, mwaka 1752, siku 11 zikarukwa, na mwaka mpya ukahamishwa kutoka Machi 25 hadi Januari 1. Kwa hiyo mtoto aliyebatizwa Februari 1720 kwa mujibu wa daftari, kwa hesabu yetu ni Februari 1721. Watu wanaona wazazi wameoana Mei 1720, "baada ya" ubatizo wa Februari 1720, wanaamua familia si yao, kumbe mtoto alikuja miezi tisa baada ya harusi. Urusi ilibadilisha kalenda 1918, Ugiriki 1923.

---

#5 Mchangiaji wa tatu

Vipi kuhusu miti ya watu wengine? Nimekuta mti wenye babu yangu, umepanda hadi karne ya 15. Niunganishe tu?

---

#6 Mleta mada

Usiunganishe. Usome kama unavyosikiliza uvumi wenye uwezekano wa kuwa kweli: unakuambia pa kwenda kuangalia. Bonyeza kila mtu uone waraka ulioambatanishwa. Kama chanzo pekee ni mti mwingine, na mti huo nao chanzo chake ni mti mwingine, hakuna ushahidi hapo hata wawe watu mia wanaokubaliana.

Kuna makosa mawili yanayojirudia mno. La kwanza ni mtoto aliyefariki. Mtafiti anakuta ubatizo wa jina sahihi, mwaka sahihi, parokia sahihi, anafurahi. Hakuangalia daftari la mazishi. Mtoto yule alizikwa akiwa na miezi minne, na wazazi wakampa mtoto aliyefuata jina lile lile. Kila ukipata ubatizo, angalia mazishi ya miaka kumi inayofuata.

La pili ni watu wawili wa jina moja mahali pamoja. Chukulia kijiji chenye wanaume wawili wa jina moja, umri karibu sawa, na kila mmoja ana mke aitwaye Maria. Jina halitakusaidia chochote. Tengeneza jedwali: kila waraka mstari mmoja, na safu za kazi, makazi, mashahidi, wasimamizi wa ubatizo, mtia saini au mweka alama ya msalaba. Taratibu utaona mmoja ni seremala anayetia saini kwa mkono wake, na wasimamizi wa watoto wake wanatoka familia ya mkewe. Mwingine ni mwashi anayeweka msalaba, anaishi ng'ambo ya mto. Nyaraka zitajigawa zenyewe katika mafungu mawili. Mtaalamu wa nasaba wa Marekani Elizabeth Shown Mills amelifundisha hili kwa miaka mingi: mfuate mtu pamoja na marafiki, washirika na majirani zake. Mtu anaweza kushirikiana jina na mwenzake, lakini hawezi kushirikiana naye mduara mzima wa watu.

Jiulize pia nani alitoa taarifa. Cheti cha kifo ni shahidi mzuri wa siku ya kifo na shahidi dhaifu wa jina la mama wa marehemu, kwa sababu aliyelitaja pengine ni mkwe ambaye hakuwahi kumwona mama huyo.

---

#7 Mchangiaji wa nne

Kwetu tunaambiwa nyaraka ziliungua. Kuna namna?

---

#8 Mchangiaji wa pili

Mara nyingi ipo. Moto umeshaharibu mengi: sensa ya Marekani ya 1890 iliharibika karibu yote baada ya moto wa 1921; Hifadhi ya Nyaraka ya Dublin iliteketea Juni 1922; sensa ya Uingereza na Wales ya 1931 iliungua 1942; mafaili mengi ya askari wa Uingereza wa Vita Kuu ya Kwanza yaliungua kwa mabomu ya Septemba 1940; na Julai 1973 moto wa St. Louis uliteketeza mamilioni ya mafaili ya wanajeshi wa Marekani.

Lakini mara nyingi mtu hakuandikwa mahali pamoja tu. Tafuta orodha za kodi, mirathi, orodha za wapiga kura, magazeti, mafaili ya pensheni. Kwa Ayalandi, mwaka 2022 ulizinduliwa mradi wa Virtual Record Treasury, unaokusanya kutoka hifadhi nyingine duniani nakala za vilivyopotea Dublin. Kwa Uingereza, badala ya sensa ya 1931 kuna Rejista ya Septemba 1939, ambayo ina tarehe kamili za kuzaliwa.

---

#9 Mchangiaji wa tano

Naomba niulize kitu kizito kidogo. Haya yote ni mazuri kwa watu ambao mababu zao walihesabiwa kama watu. Sisi ambao wazee wetu walikuwa watumwa, au wapagazi wa vita vya watu wengine, au waliandikwa na mkoloni kama namba, tunaanzia wapi?

---

#10 Mleta mada

Asante kwa swali hili, na nitakaa hapa kidogo.

Kwa wazao wa watumwa wa Marekani, sensa ya 1870 ndiyo ya kwanza kuwataja wengi wao kwa jina. Kabla yake, orodha za watumwa za 1850 na 1860 zina umri, jinsia na rangi chini ya jina la mmiliki, bila jina la mtumwa. Daraja kati ya pande hizo mbili ni nyaraka za Freedmen's Bureau, ofisi ya serikali ya kuwahudumia watumwa walioachwa huru, iliyofanya kazi kuanzia 1865 hadi 1872: mikataba ya kazi, ndoa zilizosajiliwa, mgao wa chakula, malalamiko. Zimefanyiwa faharasa na zinapatikana bure. Humo unaweza kukuta mtu anataja kwa kinywa chake nani alikuwa bwana wake, na jina hilo ndilo linalokufungulia wosia na orodha za mali za mmiliki, ambako, kwa uchungu wote, wazee wetu wametajwa majina yao pamoja na bei. Inabidi uifuate familia ya mmiliki kwa bidii ile ile unayoifuata yako, maana watu walirithishwa kwa mabinti na wakwe na kuhamishwa majimbo.

Nyuma zaidi kuna SlaveVoyages, yenye taarifa za safari zaidi ya 36,000 za meli za watumwa za Atlantiki. Ndani yake kuna sehemu ya majina ya Waafrika zaidi ya 91,000 waliokombolewa kutoka meli zilizokamatwa karne ya 19, majina yao ya asili kama yalivyosikika. Kwa watu wengi haitakupa babu yako, lakini inakuonyesha meli zilitoka bandari gani kwenda wapi na miaka gani.

Kuhusu wapagazi na askari wa vita vya kikoloni: Commonwealth War Graves Commission, yaani tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola, ina orodha ya bure ya marehemu wa vita zote mbili kuu, kama milioni 1.7. Ukikosa jina la mzee wako humo, usihitimishe kwamba hakwenda. Ripoti ya tume hiyo hiyo ya mwaka 2021 ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa jina, au hawakukumbukwa kabisa. Kutokuwepo kwake ni uamuzi wa walioandika. Iandike habari yake kwenye mti wako kama ilivyosimuliwa, na utaje aliyesimulia na tarehe ya masimulizi.

Simulizi ni chanzo halali. FamilySearch wenyewe wana mpango wa kukusanya nasaba za mdomo katika nchi mbalimbali za Afrika, na nyingine zinapatikana mtandaoni. Pima simulizi kama unavyopima waraka: nani alisema, alijuaje, nani mwingine anakubaliana naye bila kufundishwa, lina tukio gani linaloweza kuwekewa mwaka. "Alizaliwa mwaka wa njaa ile" ni tarehe, ukishaipata njaa hiyo kwenye magazeti au ripoti za utawala. Kwa manusura na waliopotea katika mateso ya Wanazi, kuna Arolsen Archives ya Ujerumani: taarifa za watu milioni 17.5, nyingi zinatafutika bure.

---

#11 Mchangiaji wa sita

Kwa nini tusipime vinasaba tu tukamaliza?

---

#12 Mleta mada

Kwa sababu kipimo kinakupa undugu, hakikupi majina. Undugu unapimwa kwa sentimogani, yaani kipimo cha urefu wa vipande vya vinasaba mnavyoshiriki. Mzazi na mtoto wanashiriki karibu 3,400 hadi 3,500. Lakini ukiona mtu wa 1,750, anaweza kuwa babu, mjomba, au ndugu wa mzazi mmoja; namba haisemi yupi. Binamu wa kwanza huwa kati ya takribani 400 na 1,400. Na kadiri unavyorudi nyuma ndivyo ushahidi unavyopotea: karibu nusu ya mabinamu wa nne hawaonyeshi kipande chochote cha pamoja, ingawa ni ndugu wa kweli. Kwa hiyo vinasaba na nyaraka vinategemeana. Asilimia za "asili" zichukulie kwa tahadhari zaidi, kwa kuwa zinalinganisha wewe na sampuli za kampuni, na kampuni ikibadilisha sampuli asilimia zako zinabadilika.

Kabla hujatema mate kwenye chupa, fikiri mambo mawili. Matokeo yanaweza kufichua kwamba baba si baba, au kwamba kuna mtoto ambaye hakuna aliyemtaja. Walio hai wataumia, na hukuwaomba ruhusa. La pili ni faragha: mwaka 2023 wavamizi walifikia taarifa za watu wapatao milioni 6.9 wa 23andMe, kampuni ya kupima vinasaba, na Machi 2025 kampuni hiyo iliomba ulinzi wa mufilisi. Ukipima, soma mipangilio ya faragha mstari kwa mstari, na ujue jinsi ya kufuta data yako. Na kwenye mti wowote wa hadharani, usiweke taarifa za mtu aliye hai.

---

#13 Mchangiaji wa saba

Kwetu tunasimuliwa kwamba jina la ukoo lilibadilishwa na afisa wa Ellis Island, kile kituo cha kupokelea wahamiaji New York.

---

#14 Mchangiaji wa pili

Simulizi hiyo imeenea sana, mkuu, ila maafisa wa Ellis Island hawakuwa wanaandika majina upya. Walikuwa wanakagua orodha za abiria zilizojazwa na kampuni za meli huko bandari za kuondokea. Jina lilibadilika kabla ya safari au baadaye, kwenye ajira, shule, au maombi ya uraia. Tafuta faili la uraia. Mara nyingi linataja jina la zamani na jipya pamoja. Orodha zenyewe za kituo hicho, kilichofanya kazi 1892 hadi 1954, zinatafutika bure.

---

#15 Mchangiaji wa kwanza

Mleta mada, nimefuata ushauri. Nimeacha jina la ukoo, nimetafuta kwa majina ya kwanza ya wazazi na mahali. Nimepata ubatizo unaoelekea kuwa wa bibi, jina la ukoo limeandikwa kwa herufi tofauti kabisa. Nafanyaje sasa?

---

#16 Mleta mada

Safi sana, mkuu. Pakua picha leo hii, usitegemee kiungo, maana tovuti hubadilisha haki za kutazama. Lipe faili jina lenye mwaka, aina ya waraka na mahali. Andika pembeni namba ya kitabu, ukurasa, na siku uliyoiona. Kisha angalia mazishi ya miaka kumi inayofuata, halafu ndugu zake wote waliobatizwa hapo, halafu ndoa ya wazazi. Kama wasimamizi wa ubatizo wanajitokeza tena kwa ndugu zake, na mmoja wao ni yule jirani ambaye wazee walikutajia, uko karibu sana.

Ukikwama weka hapa jina kama lilivyoandikwa kwenye picha, mahali, miaka, na madaftari uliyokwisha kuyapekua hata kama hukukuta kitu. Mwenye mti kwenye programu aupeleke nje kwa muundo wa GEDCOM, ambao programu nyingi za nasaba zinausoma, na kutunza nakala mbili mahali tofauti, ila picha za nyaraka atunze kando, kwa kuwa faili la kawaida la GEDCOM halizibebi.